Kura Yangu Bila Mgongo wa Mtu

Mume wangu ana mgongo mpana, na kwa miaka mingi nimepiga kura nikiwa juu yake. Sitanii. Polio ilinichukua miguu nikiwa mdogo, natembelea kitimwendo, na ofisi ya mtaa wetu hapa Bagara, ambako ndiko tunakopigia kura, iko ng'ambo ya mtaro, juu ya ngazi. Basi kila uchaguzi kiti changu kinabaki barabarani, mume wangu ananibeba hadi kwenye kituturi, lile boksi la kujifichia, ananishusha na kunishikilia kwa nyuma nisianguke huku mimi naweka tiki. Kidevu chake kiko begani kwangu. Na anayegombea uenyekiti wa mtaa ni mdogo wake wa damu.

Hajawahi kunilazimisha, nisimsingizie. Lakini wewe hebu jaribu kumnyima shemeji yako kura huku kaka yake anakupumulia shingoni. Nilimpa shemeji, nikampa tena, na kila mara nilirudi nyumbani nimenuna, watu wakidhani ni jua.

Safari hii nikasema imetosha. Kwenye mkutano wa mtaa niliomba nafasi, nikataka kabla ya uchaguzi lijengwe daraja juu ya mtaro, na mteremko badala ya ngazi. Walinipigia makofi, halafu mmoja baada ya mwingine wakasimama kuniambia nisiwe na wasiwasi, wabebaji wapo, hata mume wangu akiwa safarini hawatakosekana. Huku kwetu mtu akikubeba amekuheshimu, na ukikataa unaonekana una maringo. Nikawaambia maringo ninayo, tena mengi, na kwamba nimechoka kuingizwa ofisini kama gunia la mbaazi. Shemeji, aliyekuwa anaongoza mkutano, alicheka hadi akafuta macho, kisha akapanga siku ya msaragambo, mtaa mzima uje kujenga. Kwa hilo nampa haki yake.

Majirani walileta mchanga na kokoto, akina mama tukapika makande, fundi akamwaga zege la daraja na la mteremko. Lilipokauka wakamwita mtu wa bodaboda aujaribu mteremko. Akapanda na abiria wake, pikipiki inanguruma, watu wakashangilia. Mimi nikautazama toka chini hadi juu. Jamani, mteremko wa pikipiki! Ulisimama kiasi kwamba mtu anayejisukuma kwa mikono angerudi kinyumenyume hadi mtaroni. Fundi alikasirika, akasema kama umepandisha watu wawili na chuma chao, sembuse mimi. Sikubishana naye. Nilimwomba mume wangu anihamishie kwenye benchi, nikamkaribisha fundi akae kwenye kiti changu apande mwenyewe.

Alisukuma kwa nguvu zake zote, akafika katikati, akaanza kurudi. Mume wangu ndiye aliyemdaka. Watu walicheka mpaka basi, ila fundi hakucheka. Alikaa kidogo ameshika magurudumu, kisha akaomba sululu. Akavunja kazi yake na kujenga mteremko mwingine, mrefu, unaozungukia pembeni mwa ofisi, na ulipokauka wa kwanza kupita nilikuwa mimi.

Siku ya kupiga kura nilivuka mtaro kwa mikono yangu, mume wangu akinifuata nyuma kwa mazoea. Nikapewa karatasi. Nikaelekea kwenye kituturi, nikakuta meza iliyokibeba inanifika puani. Mtaa mzima ulikuwa umefikiria mlango, hakuna aliyefikiria meza, hata mimi. Mume wangu akaona. Akaja mbele yangu, akachuchumaa, akanigeuzia mgongo kama siku zote, na wasimamizi wakatupisha kwa huruma. Moyo uliniuma kwa jinsi alivyoinama, maana ule ni upendo, siyo kitu kingine. Ningeweza kushindwa pale pale.

"Baba watoto," nikasema, "nisubiri nje."

Aliinuka taratibu, akanitazama, akatoka. Nikamwomba msimamizi kitu kigumu cha kuandikia, akanipa kipande cha ubao. Nikakiweka mapajani, nikajisogeza kwenye kona, nikageukia ukutani na kuweka tiki. Nikaikunja na kuitumbukiza kwenye sanduku mwenyewe.

Jioni shemeji alitangazwa mshindi. Alikuja kwetu na soda, akanishukuru kwa kura yangu mbele ya wageni, nikampongeza, tukanywa. Walipoondoka mume wangu alivuta kiti karibu yangu. Alizungumza habari za mvua, akazungumza habari za ng'ombe, hadi maneno yakamwishia.

"Ulimpa?" akauliza.

Nikamwambia maji ya kunawa yako tayari na ugali unapoa. Akaguna, akacheka, akanawa. Mpaka leo hajui. Namwona anavyoteseka, na simwambii.