Strungi ya Mjusi wa Kivuva

Kivuva alimuoa dada yangu Nzilani, kwa hiyo niko na ruhusa ya kumsema. Wengine hapa Tawa humsema pembeni, halafu wakikutana naye sokoni wanamwamkua vizuri ajabu. Mimi Ndunge humsema mbele yake na nyuma yake, na bado hasikii.

Mumjue kwanza. Alikuwa askari jela. Serikali ilimhamisha huku na huko, na kila likizo alirudi nyumbani na viatu vya kung'aa, mabega juu, kama mtu aliyekuja kukagua wafungwa. Dada yangu ndiye aliyechimba matuta ya shamba lile lote la mlimani, yeye na jembe lake. Ndiye aliyebeba maji mgongoni kutoka mtoni, kamba imepita kwenye paji la uso, mpaka paji likabaki na alama. Bwana mkubwa akifika anawekewa kiti kivulini, analetewa chai, na kabla hajapiga funda la kwanza anauliza kwa nini imechelewa. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua pale nyumbani, kuuliza.

Kivuva alipostaafu, Nzilani alifurahi ati sasa atapata mwenzake wa kusaidiana naye. Maskini dada yangu. Alichopata ni mtu wa kukaa kivulini kila siku badala ya wakati wa likizo peke yake. Muda si muda akaugua figo, akalala kitandani, na mimi ndiye niliyekuwa nikifunga duka langu, nikivuka barabara kwenda kumwosha, kumgeuza na kumpikia uji. Kivuva alikuwa anakuja mpaka mlango wa jikoni. Nasema mlango, kwa sababu mguu wake haukuwahi kuvuka pale kuingia ndani. Anasimama, anakohoa, anauliza, "Leo nani anapika chai?"

Alasiri moja gari la bidhaa lilinichelewesha. Nilipofika nilimkuta Nzilani midomo imekauka, ananiambia kwa sauti ndogo kwamba tangu asubuhi anatamani chai. Mume wake yuko nje anasikiliza redio. Nikamuuliza, kwani imekushinda hata kumpa mgonjwa kikombe kimoja? Akanitazama bila aibu hata kidogo.

"Mimi sijui mambo ya jikoni," akasema.

Niliingia, nikawasha moto, nikapika, na dada yangu akanywa nusu kikombe. Maneno yale nimekaa nayo mpaka leo, na sina mpango wa kuyasahau.

Nzilani alipofariki, tulimzika nyuma ya nyumba, chini ya matuta yake mwenyewe. Watoto wakarudi Nairobi na Mombasa, na simu zao zikanyamaza. Wangempigia baba yao waambiane nini? Aliyebaki kumjulia hali ni mjukuu mmoja tu, Mutanu, ambaye Nzilani alimlea tangu anatambaa. Kila Jumapili baada ya kanisa, simu ya Kivuva inalia, na utamwona mzee anavyokimbia kuitoa mfukoni kama imeshika moto. Ni Mutanu pekee. Yeye akinyamaza, hakuna mtu mwingine duniani atakayemtafuta Kivuva, na Kivuva analijua hilo vizuri kuliko mimi.

Sasa huyu Mutanu ni msichana wa Nairobi, na wasichana wa Nairobi wana mambo yao. Alikuwa anafuga mnyama anaitwa aksoloti. Usiniulize. Ni kama mjusi, lakini anaishi ndani ya maji maisha yake yote, rangi yake ni ya waridi kama mtoto wa panya, mdomo mpana unaocheka hata kama hakuna cha kuchekesha. Kichwani, kila upande, ametokeza vijitawi vitatu vyekundu vyenye manyoya manyoya. Hayo ni matamvua, ndiyo anayopumulia. Haliwi, hatagi mayai ya kuuza, halindi nyumba. Jina lake Toto.

Mutanu alipata kazi ya uuguzi ng'ambo, na mnyama haruhusiwi kwenda. Marafiki zake Nairobi walikataa. Joto humuua haraka, kwa hiyo akina shangazi yake wa Kibwezi, ambako hata maji ya mtungi yanataka kuchemka yenyewe, hawangefaa. Tawa ni mlimani, kuna baridi. Basi akamleta kwa babu yake na tangi la kioo, akamwonyesha kila kitu, akalia kidogo, akaenda. Kwenye simu aliniambia, "Susu, huyu ndiye kitu pekee nilichomwachia. Nataka kuona kama anaweza." Susu ndivyo tunavyoita nyanya huku kwetu. Nikamwambia hawezi. Alishindwa na mtu, ataweza mjusi?

Kwanza Kivuva akaanza kujigamba. Ati mjusi wake ametoka Meksiko. Kila anayepita anaitwa aje atazame, na mzee anaeleza kwa kidole, kifua mbele. Kina mama wa kanisa walikuja, mmoja akasema lile ni pepo limefungiwa kwenye chupa. Mchungaji naye akaangalia kwa muda mrefu, akasema viumbe vyote ni vya Bwana, halafu akasogeza kiti chake mbali. Watu wazima ovyo, wote.

Halafu akakosea, na kosa lenyewe ni la huku kwetu kabisa. Mutanu alimwambia kila mara apunguze maji ya tangi, amwage machafu, aongeze masafi yaliyokaa wazi kwenye ndoo mpaka harufu ya dawa ya bomba iishe. Kumwaga maji! Huku Ukambani? Sisi tunaosha vyombo na maji yale yanaenda kwa nguruwe. Tunaoga na povu linaenda kwenye sukuma wiki. Mtoto akimwaga kikombe cha maji hapa anapigiwa kelele na mtaa mzima. Kwa hiyo Kivuva alikuwa anaongeza tu. Maji yakipungua, anajaza. Mavi ya mjusi na mabaki ya minyoo anayolishwa yakabaki chini yanaoza, na yeye anaona amefanya uungwana wa kutunza maji.

Kiangazi kikaingia, bati likawaka, maji ya tangi yakawa vuguvugu. Ndipo matamvua yakaanza kuota kitu cheupe, laini, kama pamba iliyochambuliwa. Akaniita nikaone. Mimi nilijua ni ukungu mara moja, kwa sababu nauza mkate na ukungu naufahamu. Yeye akasema labda ni manyoya ya uzee. Manyoya ya uzee! Mjusi wa miaka miwili.

Ilipozidi, akaenda kwa agroveti, duka la dawa za mifugo. Kivuva hajui kusema "sijui", kwa hiyo alipoulizwa ni mnyama gani akajibu kwa mkato, "Ana kidonda." Akauziwa ile spray ya bluu tunayopulizia mbuzi wenye vidonda. Akarudi, akamtoa mjusi kwenye maji, akampulizia kichwani kama anavyofanya fundi wa rangi. Toto akawa bluu. Akaanza kuelea juu juu, tumbo upande, na vijitawi viwili vya matamvua vikanyauka na kukatika. Nilicheka mpaka nikashika meza. Halafu nikaona Kivuva amepiga magoti kando ya tangi, na nikacheka kidogo zaidi, kwa sababu kwa dada yangu hakupiga magoti.

Jumapili ikafika na simu ikalia. Alijaribu kumficha, ati leo mtandao ni mbaya, picha haitatoka. Mutanu si mjinga. Akanipigia mimi, nikamwambia yote, pamoja na spray. Msichana yule akakata simu. Kisha akampigia babu yake akamwambia, pole pole bila kupaza sauti, kwamba Toto akifa kwa uchafu, asimngoje tena Jumapili. Nilikuwa nimesimama pale, nilisikia. Kivuva alikaa kwenye kiti chake cha kivulini, na kwa mara ya kwanza hakuuliza chochote.

Akapewa maagizo. Spray itupwe. Maji yapunguzwe kila siku, uchafu ufyonzwe kwa mpira mwembamba, na maji mapya yawe yametulia kwenye ndoo. Tangi litoke chini ya bati liende chumba cha nyuma, na chupa za maji yaliyoganda zielee ndani kupunguza joto. Chupa hizo zitagandishwa wapi? Kwenye friza yangu ya soda, bila shaka. Nilikubali kwa ajili ya Mutanu. Asubuhi na jioni Kivuva anakuja dukani anasimama nyuma ya wateja, chupa zake kwapani, anangoja zamu. Sikuwahi kumpitisha mbele.

Na kwa ule ukungu, Toto aogeshwe kwenye beseni lake, kwa muda mfupi, kwenye maji yenye chumvi ya mawe. Baada ya hapo, kwa kuwa ngozi yake imeumizwa na ile dawa, akae kwenye chai. Ndiyo, chai. Strungi, majani na maji pekee, bila maziwa, bila sukari, bila tangawizi, ipoe kabisa ndipo ichanganywe kwenye maji yake. Mutanu anasema majani ya chai yanatuliza ngozi na ukungu hauyapendi.

Nilikuwa napanga mikate alipokuja. Akakohoa, akasimama nje ya kaunta.

"Shemeji," akasema, "chai inapikwaje?"

Nikadhani ananidhihaki. Nikamtazama. Mzee wa miaka sitini na kitu, aliyefunga na kufungua milango ya jela maisha yake yote, aliyekunywa chai ya dada yangu zaidi ya miaka arobaini, hajui kama maji yanatangulia au majani. Akaniomba nimpikie mimi, ya mjusi. Nikamwambia nitajikata mkono kwanza. Nikamwambia maji yachemke, majani yaingie, afunike, na aondoke dukani kwangu.

Akaingia jikoni. Niliona kwa macho yangu kutoka upande wa pili wa barabara: mguu wa Kivuva ukivuka ule mlango. Alichoma kidole, akaunguza sufuria, moshi ukatoka kama kuna arusi. Strungi ya kwanza ilikuwa nyeusi kama lami, Mutanu akaikataa kwenye simu. Ya pili ilikuwa maji matupu. Watu walikuwa wanasimama barabarani kumcheka, mwanamume anampikia mjusi chai, na sikuwanyamazisha. Yeye aliendelea tu, anapika, anapoza, anachuja kwa kitambaa, anamwinua mnyama yule kwa viganja viwili kama mtu aliyebeba yai, anamweka ndani na kukaa kando yake. Nilimchukia kuliko zamani. Nilisema moyoni, kumbe mikono hiyo ilikuwa inafanya kazi.

Ukungu ukapungua. Pamba ile ikaanguka vipande vipande, rangi ya bluu ikafifia, Toto akarudi chini ya maji na kuanza kumeza minyoo. Halafu pale matamvua yalipokatika pakaanza kutokea vidonge vidogo vyekundu, vikarefuka, vikaota manyoya. Mnyama huyo akikatika humea tena. Kivuva aliniita nikaone, anaongea kwa kunong'ona. Niliona. Nikamwambia si wote wanaomea tena, nikarudi dukani.

Mutanu naye aliona kwenye simu, na akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mazishi. Akasema Desemba anakuja, na atalala kwa babu yake. Kivuva akazunguka Tawa yote akitangaza. Alitangaza hata kwa watu ambao hawamjui Mutanu.

Kabla hajaja mtoto, nikaona niende nikasafishe kaburi la dada yangu, maana nilijua hakuna aliyeligusa. Mutanu alipanda waridi pale siku tulipomzika, na kwa kiangazi hiki nilitegemea kukuta kijiti. Kila kitu kwenye lile shamba kimekauka, hata mipapai. Nikachukua jembe dogo, nikazunguka nyuma ya nyumba.

Waridi lilikuwa la kijani kibichi, na lina vichipukizi. Udongo kulizunguka ulikuwa umelowa. Nikainama, nikaona rangi ya kahawia imeshika mawe, na majani ya chai yametapakaa kwenye shina, mapya juu ya makavu. Nikabaki nimeinama.

Kivuva akaja kutoka nyumbani na ndoo, hakujua niko. Aliponiona akasimama. Nikamuuliza ni nini hiki, ndoo ngapi za uchafu wa mjusi amemwagia dada yangu.

"Maji hayamwagwi ovyo, shemeji," akasema. Halafu akatazama chini. "Na chai ya kwanza kila siku huwa yake. Ya Toto ni ile inayobaki."

Miaka yote ile. Kikombe kimoja kilimshinda akiwa hai, midomo imekauka, redio inalia nje. Sasa anamletea kwa ndoo.

"Nzilani hakunywa strungi hata siku moja," nikamwambia. "Alikuwa anakunywa ya maziwa."

Hakujua. Niliona usoni kwamba hakujua. Alisimama pale na ndoo yake, haimwagi, hairudishi, na mimi nikaanza kung'oa magugu.