Ngoro Zilizopinda na Madini ya Binti Yangu

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi, baba alizama ziwani, na mama akanipandisha milimani, kutoka Liuli hadi Maguu kwa ndugu zake. Shule niliiacha darasa la tatu. Sioni aibu.

Huko wanaume hulaza nyasi shambani kwa mistari inayokatana. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kufunika nyasi zile. Yanabaki mashimo tunayoyaita ngoro, safu kwa safu. Mimi mtoto wa ziwani nikalaza nyasi ovyo. Mjomba akanidhihaki: "We Mnyasa, unaanika nyavu?" Mama akacheka naye, kicheko cha kwanza tangu msiba. Nakikumbuka kila nikisikia harufu ya nyasi mbichi.

Mwaka huu kitindamimba wangu, aliyesoma fizikia chuo kikuu, alikuja kuaga. Anakwenda Ulaya, miaka mingi. Nikamwambia, "Baraka sitoi kwa kitu nisichokielewa."

"Haya baba, twende shambani."

Tukasimama juu ya mteremko. Akasema yapo madini yenye tabaka nyembamba kama kurasa, na umeme ndani yake ni chembe zinazotembea. Madini yakipozwa sana, chembe hizo hugombaniwa na hali mbili. Ya kwanza, zinajipanga safu kama ngoro. Ya pili, zinatembea mbilimbili wala hazikwami popote.

"Sasa tia uchafu kidogo, baba. Chembe ngeni hapa na pale, kama lile jiwe."

Nikalitazama. Ngoro zilizolizunguka zilikuwa zimepinda.

"Safu zinaharibika."

"Ndiyo. Na hapo ile hali ya pili inaweza kupata nafasi. Ila uchafu ukizidi, zote mbili zinakufa. Kiasi gani, kwenye madini yapi, bado hatujui vizuri. Ndicho ninachokifuata."

"Yaani unapanda ndege kwenda kuchafua vitu vya watu?"

"Kwa makusudi kabisa, baba!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamwekea mkono kichwani, nikamruhusu. Nilitaka nikatae. Sikuwa na sababu tena.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, shamba la kahawa, mashine ya kumenyea, ng'ombe wawili, pikipiki. Vyote kwa jasho langu. Na chumba kimoja ambacho hakina mtu.