Mkunga Ambaye Hajazaa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mbali nilikopata kwenda kwa hiari yangu ni Pongwe, tena harusini, na kabla pilau halijapakuliwa nilikwisha kuulizia gari la kurudi. Bara nilikwenda kwa sababu nilipelekwa. Baba alikuwa na imani, ngeni kwa siku zile, kwamba mtoto wa kike asome. Akanitia kwenye garimoshi na sanduku la bati, nikakaa shule ya bweni nikililia kwetu mpaka darasa la kumi. Kisha nikarudi Tanga, nikaingia jikoni kwa mama, na elimu yangu yote nikaitumia kusoma maandishi ya viberiti.

Mwaka huohuo niliorudi, nyumba ya pili aliingia msichana kutoka Pemba. Alikuja kwa mama yake mkubwa, muuza mikate ya kumimina, ili amsaidie kuchoma. Mimi nikamkaribisha kwa ulimi, maana ndicho kiungo changu kisichochoka.

"Shoga, nyie Wapemba si mnaruka na ungo? Wewe umepandia nini chombo?"

"Ungo ulikuwa umejaa," akasema, wala hakucheka. "Wakanambia nisubiri safari ya pili."

Nikampenda papo hapo.

Siku zile alikuwapo mkunga wa serikali aliyepita mtaani kwa baiskeli, nguo nyeupe, saa kaining'iniza kifuani kichwa chini miguu juu. Sisi tulikwisha kumzoea kama kengele ya shule. Yule Mpemba alimwona mara moja tu, akasahau mkate jikoni ukaungua. Alasiri akaniuliza kazi ile inasomewa wapi. Nikamwambia inaanzia kwenye A, na A yenyewe bado hajaijua.

Kusoma alijua, lakini kwa herufi za Kiarabu. Kwao alihitimu chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na mwandiko wake ulikuwa mzuri hata ukatamani kuuning'iniza ukutani. Herufi za Kizungu ndizo zilizokuwa ngeni. Daftari la kwanza nililompa alilifungua kwa nyuma, akaanzia kulia kwenda kushoto, akajaza ukurasa mzima kwa utulivu, na kila herufi imenipa mgongo. Nilicheka hadi kanga ikanivuka. Akaningoja nimalize.

"Umeshacheka?" akauliza. "Haya, sasa nionyeshe."

Akaingia darasa la kinamama la alasiri, kisha akafanya mtihani pamoja na watoto waliomfikia kiunoni. Akaanguka. Akarudia, akaanguka kwa hesabu. Mama yake mkubwa akamwambia posa imekuja kutoka Wete, ya mtu mwenye mikarafuu yake, basi aache upuuzi. Akajibu kwa adabu kwamba ataijibu posa akishazijibu hesabu. Safari iliyofuata akapita, na mwenye mikarafuu alikuwa keshachoka kungoja.

Hospitali ya misheni, njia ya Muheza, wakamwambia nafasi ya mafunzo hakuna, ipo ya kufagia wodi. Akafagia. Mtaani wakasema huyo kaenda kubatizwa. Naye alikuja Idi na msala wake kwapani, akaswali, akala pilau, akarudi kwenye ufagio wake bila kumjibu mtu. Mimi niliyelipiwa ada na nauli nikalia kwa kukosa samaki wa mama, nilikuwa nikimtazama anavyoshuka njia ile. Sikujua kwamba binadamu anaweza kutaka jambo namna ile.

Hatimaye wakamwingiza mafunzoni. Na alipomaliza alirudi mtaani kwetu, nguo nyeupe, mkoba wa ngozi, na saa imening'inia kichwa chini. Wanawake walitoka milangoni kumtazama. Wakamsifia kiatu. Wakampa chai. Kuzalishwa naye, hakukubali hata mmoja.

Kwetu mkunga ni mtu mzima aliyezaa, akanyonyesha, akazika na akashukuru. Huyu alikuwa mwari. "Asiyeujua uchungu atamzalishaje mwenziwe?" wakasema. Isitoshe alikuwapo bibi mkunga wa mtaa, aliyetupokea karibu sote, mimi nikiwamo, na ambaye mpaka leo ningemlaumu kwa jambo moja tu: hakunirudisha nilikotoka.

Basi Mpemba wa watu akawa anazunguka na mkoba wake kila asubuhi, anaurudisha haujafunguliwa. Siku moja akaketi kizingitini kwetu, akavua viatu.

"Wameniambia nikikosa wa kuwazalisha hapa watanirudisha hospitali kukunja mashuka," akasema. "Kukunja mashuka nilijua tangu Pemba, shoga. Sikuvukia maji hilo."

Mimi wakati ule nilikuwa nimeolewa, nyumba ya tatu kutoka kwa mama, na mume wangu akisema ameoa mpita njia kwa jinsi nisivyokaa kwake. Tena nilikuwa mja mzito. Nilipokaribia, nikahamia kwa mama moja kwa moja, ada ya mimba ya kwanza, na yeye ndiye aliyekuwa mkali wa siri. Kwetu mwezi wa mja mzito hautajwi, na uchungu ukishika hautangazwi, kwa sababu jicho la hasidi halibishi hodi. Nami, na darasa langu la kumi, nilimdanganya kila aliyeniuliza, hata shoga yangu wa nyumba ya pili.

Uchungu ulinishika Ijumaa asubuhi. Mama akafunga madirisha, akamwita bibi mkunga kwa uchochoro wa nyuma, kisha akatoka uani akasema kwa sauti ya kusikika mpaka bandarini, "Mwanangu kalala! Kichwa tu kinamuuma!"

Jua likapanda. Wanaume wakarudi kutoka swala ya Ijumaa, mtoto bado. Bibi akanipapasa, kisha akarudia kupapasa palepale kwa namna ambayo sikuipenda. Uchungu ukigoma, kwetu mke huombewa radhi kwa mumewe. Mama akamwendea barazani.

"Mwanangu, mpe mkeo radhi."

"Kanikosea nini?"

"Wewe huujui mdomo wake?"

"Basi nampa, mama. Na ya mwaka ujao nampa kabisa."

Nilimsikia, nikataka kucheka, nikapiga kelele. Papo hapo mlango wa uani ukagongwa, akaingia shoga yangu Mpemba na mkoba wake.

"Hapa hakuna mgonjwa," mama akasema. "Ni kichwa."

"Najua, mama. Hata Pemba huumwa kichwa hivihivi." Akavua viatu, akapiga goti mbele ya yule mzee. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Naomba idhini yako nimtazame."

Bibi akamtazama kwanza yeye. Kisha akasogea kidogo.

Mikono ya shoga yangu ilikuwa baridi, keshanawa. Akaniambia mtoto katanguliza makalio. "Mahali pake hospitali," akamwambia bibi, "lakini keshafika mlangoni." Akaniburura mpaka ukingoni mwa kitanda, akamweka mama bega langu moja na bibi la pili. Mtoto akaanza kutoka. Bibi akaliacha bega langu, akanyoosha mikono kumvuta, kama afanyavyo kila mkunga niliyepata kumsikia.

"Tusimvute, bibi," akasema taratibu. "Tukimvuta atainua kidevu, kichwa kitanasa. Tumwache aning'inie, uzito wake umshushe."

Na akafanya jambo ambalo sijapata kuona mfano wake. Hakufanya kitu. Alipiga magoti, mikono wazi chini ya mwanangu, haigusi, anangoja. Mama alikuwa anasoma Yasini na kulia. Mimi nikaacha kupiga kelele, kwa kushangaa tu. Miaka yote ile, herufi, hesabu, ufagio, ilikuwa imemfikisha hapa, ajue kukaa na mikono mitupu wakati kila mtu chumbani anataka kushika. Kisha akamshika miguu, akamwinua polepole kuelekea tumboni kwangu, na uso ukatoka kama unaochungulia. Akamfuta kinywa, akamsugua mgongo. Ukimya. Akamsugua tena. Mtoto akalia kwa ghadhabu, na mama anasema alirithi.

Nililala pale nimeachwa kama mzigo uliokwisha kushushwa. Hakuna aliyenitazama. Bibi alimmiminia maji yule mwari anawe, jambo ambalo mzee hamfanyii mtoto, kisha wakaketi wawili mkekani, kikombe cha uji katikati.

"Mkono ukitangulia je?" bibi akauliza. "Walikufundisha?"

"Walinifundisha, bibi. Sijauona kwa macho."

"Mie nimeuona mara nyingi. Hawakupona wote." Akanywa uji, akampa kikombe. "Kesho nakwenda Kigombe. Yuko mmoja kule, tumbo lake silielewi. Chukua huo mkoba wako, twende."