Kaburi la Mzungu Nyuma ya Nyumba Yangu

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza, msije mkaanguka kwa kucheka.

Miaka ile ya ruksa, milango ya nchi ilipofunguliwa kwa wageni, alikuja Mzungu hapa Newala, kaletwa na katekista. Alishapekua mafaili ya ardhi na ya mahakama, na vitabu vya kanisa kule Masasi, akimtafuta babu yake aliyelima huku enzi za ukoloni. Moyo ukanilipuka: huyu kafuata mikorosho yangu! Nikaona nikimpa kaburi ataridhika, aondoke. Nikamwonyesha kituta kilichoota majani nyuma ya nyumba.

"Babu yako kalala hapo."

Akapiga magoti, akalia, akabusu udongo. Katekista akanitafsiria: "Mama Hamisi, anakushukuru sana. Shamba hataki, alitaka kumsalimia babu yake tu."

Nikatamani ardhi ipasuke. Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akatokea na jembe begani.

"Mama Hamisi, mgeni anatafuta nini kwenye choo tulichofukia masika yaliyopita?"

Katekista akakohoa, kisha akatafsiri yote.

Nikawageukia wanangu walioziba midomo kwa viganja. "Atakayecheka atalala nje! Leteni maji na sabuni, mgeni anawe mdomo."