Mzee wa Betri

Kila siku ombi lake la kurudishiwa gari lilipotajwa, yule mzee alikuja mahakamani na betri ya gari kwenye mfuko. Polisi walikuwa wanashikilia pikapu yake kama kielelezo, maana dereva wake alikamatwa nayo ikiwa na nyaya za wizi. Mimi, karani, nilimtazama kwa miezi kumi na moja: anakaa benchi la nyuma, anaweka betri katikati ya miguu, anafuta vidole kwa leso. Nikimwambia imeahirishwa, anajibu, “Haya, mwanangu,” anainua mzigo wake na kwenda, bega moja limelala. Jumanne moja mwendesha mashtaka akakubali kwamba picha za gari zinatosha kwa ushahidi, na hakimu akaamuru arudishiwe. Nikavuka naye barabara hadi kituoni, amri ya mahakama mkononi. Majani yalikuwa yameota hadi kwenye bampa. Alifunga betri mwenyewe, akawasha. Injini ikakohoa, ikashika. Askari akafungua geti, akangoja.

“Mzee, njia nyeupe. Toa gari.”

“Naitoa, mwanangu,” alisema, mikono yote miwili kwenye usukani. “Niache kidogo tu. Sijakaa mahali pangu siku nyingi.”