Dakika Sitini Nyumbani

Dereva wangu alikuwa na saa ya mkononi aliyoiamini kuliko breki za lori. Miaka ile ya sabini tulikuwa tukipeleka mizigo kutoka Kitale hadi Juba, mimi nikiwa karani wa mizigo, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumsikiliza akisoma saa. Tulipofika Lodwar nikamwomba tupitie kwetu. Nyumbani kwetu ni kabla ya Kakuma, karibu na barabara. Sijamwona mama tangu mwaka jana, na tukivuka mpaka huenda tukakaa miezi. Akafikiri mpaka akamaliza chai yake.

"Dakika sitini," akasema. "Ikifika sitini na moja, nakuacha."

Nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Nikamnunulia mama tumbaku na sukari, tukaondoka.

Tulipofika, nyumbani hakukuwepo. Kulikuwa na boma la miiba lililobomoka, majivu, na mafiga matatu. Sikushangaa, mifugo hufuata malisho, na sisi hufuata mifugo. Nilijilaumu tu kwa kutouliza Lodwar. Lakini dereva, mtu wa milimani ambako nyumba ikijengwa inangoja wajukuu, aliyazunguka yale majivu huku ameshika kiuno.

"Wee karani, nyumba yenu iko na miguu?"

"Iko nayo, tena minne," nikamjibu, nikamwonyesha nyayo za punda. Zilikuwa za asubuhi ileile.

Akafuatana nami kwa miguu, maana hakuamini kwamba nikienda peke yangu nitarudi. Dakika ishirini zilikuwa zimekwenda tulipomwona mama. Ndugu zangu walikuwa wametangulia na mifugo. Yeye alikuwa na punda watatu, na juu ya punda hao nyumba yetu nzima: fito, ngozi, vyombo vya maziwa. Nikapiga kelele. Aligeuka, akakinga macho kwa mkono, akacheka kabla hajasema neno.

"Ejok!" nikamsalimu, nikanyoosha mikono. Mama akarudi nyuma hatua moja.

"Hapa ni njiani," akasema kwa Kiturkana. "Mtoto hapokelewi njiani kama askari wa doria. Ngoja."

Akaanza kuwafungua punda mizigo.

Nilimwambia tuna dakika arobaini. Dakika ni nini kwa mama? Alichomeka fito mchangani, akazikunja, akazifunga vichwa, akatandaza ngozi juu. Kila nilipotaka kusaidia alinipiga kofi mkononi, kwa kuwa kwetu kujenga nyumba ni kazi ya wanawake, na mwanamume akiigusa anaiharibu. Dereva alisimama juani akihesabu dakika kwa sauti. Nilimchukia, na niliogopa pia: zilibaki ishirini, kisha kumi na tano, na bado sijaingia kwetu.

Nyumba ikasimama. Mama akaingia kwanza, akakaa, ndipo akaniita kutoka ndani, utadhani nimetoka kuchunga mbuzi. Nikainama mlangoni, nikapokewa na harufu ya moshi na samli. Akanitemea mate ya baraka kwenye paji la uso, akanivuta masikio, akacheka tena. Nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

"Mwambie huyo mwenye kelele aingie," akasema. "Jua litamuua."

Dereva akaingia, akapewa ngozi ya kukalia na chombo kizima cha maziwa ya ngamia. Alikunywa mara ya kwanza kwa heshima, mara ya pili kwa tamaa. "Zimebaki dakika kumi," akasema, akajiegemeza kwa kiwiko. Alikuwa ameshika usukani tangu alfajiri. Kumi hazikuisha kabla hajaanza kukoroma.

Nikainua mkono nimwamshe. Mama akaudaka.

"Mgeni akilala nyumbani mwako, humwamshi."

Kama ni mila au aliitunga papo hapo, sikujua, na sikuuliza. Tulinong'ona mchana kutwa: nani ameoa, ngamia yupi amezaa, nani amegombana na nani kisimani.

Dereva aliamka kivuli cha nyumba kimeshakuwa kirefu kuliko nyumba yenyewe. Akatutazama, mama na mimi, bega kwa bega, sukari katikati yetu. Akaitazama saa yake kwa muda mrefu. Nikajiandaa kutukanwa.

"Saa yangu imesimama," akasema. "Ilisimama nilipoingia humu. Kwa hivyo bado tuko na dakika kumi."

Haikuwa imesimama. Niliuona mshale wake mwembamba ukizunguka. Mama akauliza mgeni amesema nini; nikamwambia, naye akamjazia chombo tena.