Mpishi, Mtani Wake na Kalamu Yangu

Kuna watu wanajisifu kwa kupika, wengine kwa kulima. Mimi nilijisifu kwa kuandika kumbukumbu za vikao. Katika chuo cha ualimu nilikofanya kazi Iringa, miaka ya sabini, nilikuwa karani na pia katibu wa kamati ya wafanyakazi, na ulichosema kikaoni ulikikuta kwenye karatasi kama kilivyotoka mdomoni. Mtu akija kulalamika, "Dada karani, mimi sikusema hivyo," namfungulia daftari mbele ya macho yake. Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nilitoka nazo kwetu Mbeya, na Iringa hazikupungua.

Mpishi mkuu wa chuo alikuwa mzee wa Kihehe, mfupi, mwenye mashavu ya kuviringa. Kila mwaka wanafunzi wa mikoa ya joto walifika Iringa na shati moja jembamba, wakitetemeka. Mzee aliwasha kuni mapema kuliko alivyotakiwa ili wapate maji ya moto ya kuogea. Nani alimwagiza? Hakuna. Aliyeugua alipikiwa uji wake peke yake. Msiba ukitokea kijiji cha jirani, aliomba sufuria kubwa za chuo, akaenda kupika siku yake ya mapumziko, akarudi kazini Jumatatu na macho mekundu ya moshi.

Kitu kimoja kilimuuma. Hakuwahi kukanyaga darasa. Miaka yote aliwapikia watu siku ya kupewa vyeti vyao, akawa anawatazama kutoka dirishani mwa jiko. Kisomo cha watu wazima kilipoanza, wanafunzi walimfundisha palepale bwaloni, vyombo vikishaoshwa. Alipojua kusoma akaniambia, "Mwanangu, sasa na mimi nataka karatasi moja tu yenye jina langu. Hiyo inanitosha." Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu.

Mwaka huohuo ikaja barua kutoka ofisi ya kanda, Mbeya. Kila chuo kipendekeze mfanyakazi hodari, aliyewahudumia vizuri wanafunzi na wananchi wa jirani. Ofisi ikiridhika, mtu huyo atapewa cheti siku ya Mei Mosi. Jina lipelekwe pamoja na kumbukumbu za kikao kilichomchagua.

Kikao chenyewe kilikuwa kifupi. Jina la mzee lilipotajwa tu, akasimama fundi seremala wa chuo. Yeye alikuwa Mngoni wa Songea, na Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu. Wale wawili hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana.

"Huyu?" akasema seremala. "Mhehe mwizi huyu! Nyama ya wanafunzi yote inaishia tumboni mwake. Si mnaona hayo mashavu? Mkimpa cheti atakipika!"

"Kaa chini, Mngoni," mzee akamjibu. "Babu yako alikimbia mpaka akaacha ngao. Na wewe unataka kuacha nini?"

Tulicheka mpaka mkuu wa chuo akafuta machozi. Kisha mikono yote ikainuliwa kumpitisha mzee, wa seremala ukiwa wa kwanza.

Na mimi, bingwa wa kuandika, nikaandika. "Ndugu Seremala alisema kuwa mpishi ni mwizi, na kwamba nyama ya wanafunzi huishia tumboni mwake." Neno kwa neno. Kicheko sikukiandika. Tangu lini kicheko kikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao? Nikapiga taipu, nikagonga muhuri, nikatuma Mbeya.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Jina limekataliwa kwa sababu ya tuhuma zilizotajwa kikaoni, kwamba mpishi ni mwizi, na mkaguzi atakuja kuangalia stoo ya chakula. Mkuu wa chuo aliniita akanisogezea barua. Nikawaka palepale. "Watu gani hawa wasiojua utani!" Na hao ni watu wa kwetu. Mkuu akaniacha nimalize, kisha akasema taratibu, "Wao hawakuwepo, dada. Walipelekewa karatasi yako tu."

Loo! Nikatoka kumtafuta mzee.

Nilimkuta mzee jikoni anachambua maharage. Barua alikuwa ameshaonyeshwa. "Nilipomsikia yule Mngoni nilicheka," akasema bila kuinua kichwa. "Lakini hii nimeisoma mwenyewe. Hilo neno mwizi nimelisoma herufi moja moja. Ndiyo karatasi yangu ya kwanza yenye jina langu." Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Nilikwenda kulia nyuma ya banda la kuni, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Kesho yake mimi na seremala tukapanda basi kwenda Mbeya. Mafinga, Makambako, Igawa, njia nzima seremala alizungusha kofia yake magotini. Ofisini tulipokelewa na bwana mmoja wa makamo, mpole, lakini mtu wa mafaili. Nikamweleza habari ya utani.

"Hata mimi nina watani, dada," akasema. "Lakini hapa pameandikwa, na kilichoandikwa kinafutwa kwa maandishi. Haya, fundi, sema kwa kinywa chako, dada aandike. Huyu mpishi ni mwizi, au si mwizi?"

Utasema hilo ni jambo jepesi. Seremala alitoka jasho, na baridi yote ile ya Mbeya! Mtani amsifu mtani wake, tena mbele za watu? Miaka yote hiyo hajawahi kumwambia neno jema hata moja. Akafungua mdomo, akafunga. Nikamkanyaga mguu. "Sema, fundi, utaniua!"

Akasimama.

"Si mwizi," akasema. "Mke wangu alipofariki, huyo mzee alipika siku tatu nyumbani kwangu. Siku ya tatu mimi nilikuwa bado sijatia kitu mdomoni. Akaja na sahani, akanitukana. Akasema, Mngoni wewe umezoea vya kuiba, ndiyo maana cha halali kinakushinda kumeza. Nikacheka. Nikala. Asingekuja, sijui kama leo ningekuwa nimesimama hapa. Huku Iringa sina ndugu mwingine."

Akakaa, akajifunika uso kwa kofia. Niliandika yote, neno kwa neno. Seremala akatia sahihi. Yule bwana akagonga muhuri wake.

Mkaguzi hakuja tena, na Mei Mosi mzee alipewa cheti chake. Walitaka kumsomea, akakataa. Alikisoma mwenyewe kwa sauti, kidole kikifuata mstari, na chuo kizima kilisimama kumngoja. Alipofika kwenye jina lake wanafunzi wakapiga makofi na vigelegele, asiweze kuendelea. Kutoka nyuma tukamsikia seremala, "Na hicho ameiba!"

Wiki ileile mzee akaja ofisini kwangu. Alitaka kujua Mbeya walibadilishwa mawazo na nini. Nikamtolea nakala ya maneno ya seremala. Alisoma kwa muda mrefu, midomo ikicheza. Alipomaliza akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Ifungie," akasema. "Na usimwambie kama nimeisoma."

"Kwa nini, baba? Maneno mazuri namna hii!"

"Akijua nimeisoma, ataona haya kunitukana," akasema. "Na mimi nitabaki na nani?"

Nikaifungia kabatini. Kikao kilichofuata seremala alisimama, akamnyooshea mzee kidole, akaanza. Mimi nikaweka kalamu chini, nikacheka na wenzangu.